Duka la chapa lililotutengenezea mabango ya kubana umeme shuleni, Morogoro

Walimu wenzangu mnaolea klabu za mazingira, na ninyi wanafunzi mliopewa kazi ya kutengeneza bango la kuhimiza shule ibane matumizi ya umeme, haya ni maoni yangu kuhusu duka moja la steshenari na chapa hapa Morogoro mjini. Kazi yote ilifanyika kwao, kuanzia kadi za manila hadi stika za kwenye swichi. Jina silitaji kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamikia, na mwenye duka hakuniomba nimwandike. Nawapa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza ya tano imebaki wapi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya bweni. Muhula huu mkuu wa shule aliita walezi wa klabu akiwa na karatasi za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, mkononi, akasema umeme unaisha kabla ya mwezi kufika robo tatu, na kila ukinunuliwa mwingine kuna kitu kingine kinakosa fedha: chaki, dawa za maabara, mafuta ya gari. Klabu yangu ikapewa shilingi 150,000 itengeneze mabango. Nilifurahi, kwa sababu kubana umeme kwangu ni somo kabla ya kuwa kampeni. Ni mada ya nguvu na nishati ya fizikia, imetoka ubaoni imekwenda ukutani.

Wanafunzi walikuja na rasimu yao ya kwanza kwenye kadi kubwa ya manila. Ilikuwa na kila kitu. Maana ya nishati, vyanzo vya umeme, mabadiliko ya tabianchi, mambo kumi ya kufanya, na chini kabisa majina ya wanaklabu wote. Mwandiko ulikuwa mzuri na mipaka imepigwa rula. Tukaikunja tukaenda nayo mjini.

Nimeshapeleka kazi maduka mengine ya chapa. Kawaida unafika, unatoa flashi, unaulizwa "ngapi?", unalipa, unaondoka. Kijana anayekaa kwenye kompyuta katika duka hili aliniamkia, akaikunjua ile manila juu ya kaunta, akaisoma yote. Kisha akauliza, "Mwalimu, hili mtalibandika wapi?"

Nikamjibu, kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mkuu.

"Na swichi za madarasa ziko wapi?"

"Ndani ya darasa, kushoto kwa mlango ukiwa unatoka."

"Sasa anayetoka darasani saa nne usiku, ana usingizi, ana madaftari mkononi, atakwenda kusoma ofisini kwa mkuu halafu arudi kuzima taa?"

Wanafunzi wangu wawili waliangaliana. Swali hilo moja ndilo lililobadilisha kazi yetu nzima, na kwa hilo ningewarudia hata kama bei zao zingekuwa juu kuliko za jirani. Fundi anayeuliza msomaji atasimama wapi anaifahamu kazi yake. Mashine ya kuchapa kila mtu anayo siku hizi.

Alitufundisha na kipimo wanachotumia wachora mabango: herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 inasomeka vizuri ukiwa umbali wa mita 3 hivi. Ukitaka isomwe mita 6, herufi iwe sentimita 5, na uendelee kukadiria hivyo hivyo. Akapima herufi za manila yetu kwa rula. Hazikufika hata sentimita moja. Kwa maneno mengine, bango lile lilihitaji mtu asogee hadi karibu aliguse kwa pua, asimame hapo dakika nzima, na mwanafunzi anayekimbilia foleni ya chakula hafanyi hivyo. Tukaanza kufuta. Maana ya nishati ikaondoka, vyanzo vya umeme vikaondoka, mambo kumi yakawa mawili, majina ya wanaklabu yakahamia nyuma. Binti wa kidato cha pili aliyeandika ile aya ya tabianchi aliumia, nami nilimwonea huruma, lakini nikamwambia aya yake nitaisoma paredi, nayo niliisoma.

Tulikubaliana vitu vitatu tofauti badala ya kimoja. Bango moja kubwa la turubai kwa ajili ya uwanja wa paredi. Mabango ya A3 yenye plastiki kwa mabweni, bwalo, maabara na ofisi ya walimu. Na stika ndogo za kubandika chini ya kila swichi. Nieleze kila kimoja, ila siyo kwa urefu sawa.

Nianze na stika, maana hizo ndizo zilizofanya kazi. Bamba la swichi moja la kawaida ni mraba wa milimita 86, hivyo tulichagua stika yenye upana wa sentimita 8 na kimo cha 6 ikae chini ya bamba bila kupita kingo zake. Duka linatoza shilingi 25,000 kwa mita moja ya mraba ya stika ya plastiki, ikiwa imechapwa na kukatwa. Mita hiyo ilitutolea stika karibu 180. Piga hesabu, ni chini ya shilingi 150 kwa stika moja, na inabaki pale mbele ya kidole kinachogusa swichi.

Maneno ya stika yalitokana na hesabu waliyoifanya wanafunzi wenyewe, nami nataka niieleze kwa sababu mwalimu yeyote anaweza kuirudia shuleni kwake. Darasa letu lina tyubulaiti sita za zamani, kila moja imeandikwa wati 36. Zikiwaka zote ni wati 216. Zikiachwa tangu prepo, yaani kujisomea kwa usiku, inapoisha saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni saa 8. Wati 216 mara saa 8 ni 1,728, gawanya kwa 1,000 unapata uniti (kilowati-saa) 1.728. Shule yetu inanunua umeme kwa kundi la matumizi ya kawaida, T1, ambalo bei yake ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inakuwa kama 356. Kwa hiyo darasa moja, usiku mmoja, watu wakiwa wamelala, ni shilingi 615. Umeme unaoliwa na balasti, kile kifaa kinachoendesha tyubu, hatukuuweka, kwa hiyo gharama halisi iko juu kidogo ya hapo.

Walipopata jibu, kijana mmoja akasema hiyo ni chapati ya pale kantini, na chenji inabaki. Basi ikawa hivyo. Stika inasema: "Taa za darasa hili zikiwaka usiku kucha: sh 615. Chapati moja. Zima." Fundi aliipenda, akaweka neno "Zima" kwa herufi kubwa kuliko mengine yote na kuliachia nafasi tupu pembeni. Nilitaka kuongeza nembo ya shule. Akanishauri niiache, kwa kuwa kwenye sentimita 6 kila unachoongeza kinapunguza kile kilichopo. Nikakubali.

Jambo la ufundi kuhusu stika ambalo fundi alilisema wazi kabla hajachukua hela yetu: hazishiki kwenye ukuta uliopakwa chokaa au rangi ya maji iliyochakaa, kwa sababu gundi inashika vumbi, haishiki ukuta. Zinashika kwenye plastiki, kwenye mbao iliyopakwa rangi ya mafuta, kwenye chuma na kioo. Pale ambapo ukuta wetu ulikuwa wa chokaa, tulibandika kwenye fremu ya mlango upande uleule wa swichi. Futeni kwanza kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, msubiri pakauke. Na wanafunzi wasiguse skrubu za swichi wala wasibandike kitu juu ya kitufe chenyewe. Zilizobandikwa kwenye plastiki na fremu za rangi ya mafuta bado ziko vilevile hadi ninapoandika haya.

Sasa nije kwenye chura, maana bila chura nisingejua uwezo halisi wa mashine yao.

Kwa mabango ya A3 wanafunzi hawakutaka balbu yenye macho na miguu. Mchoraji wetu, binti wa kidato cha tatu, alitaka chura wa Kihansi. Wasiomfahamu niwaeleze. Kwenye korongo la mto Kihansi, safu za Udzungwa, kuna maporomoko ambayo chini yake manyunyu ya maji hayakukoma mchana wala usiku. Ndani ya manyunyu hayo, kwenye eneo la hekta chache tu, waliishi vyura wadogo wa rangi ya dhahabu ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Jike mkubwa hafiki sentimita 3. Hawatagi mayai majini kama vyura wengine, wanazaa watoto wenye miguu tayari. Wanasayansi waliwatambua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi wa megawati 180 tayari unajengwa. Mitambo ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikapelekwa kwenye handaki la umeme, na manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, ya Bronx huko New York ikiwemo. Kihansi kwenyewe mabomba ya kunyunyiza maji yakafungwa, lakini ukaja na ugonjwa wa ukungu wa ngozi, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini. Waliolelewa ugenini wakazaliana, wakarudishwa Tanzania, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni kwao.

Nilimuuliza binti, chura na swichi ya bweni vinahusiana vipi? Akanijibu kwamba umeme unaowaka bwenini bure kuna mahali ulipotolewa, na mahali hapo palikuwa na mwenyeji. Sikuwa na la kuongeza. Sisi wa Morogoro mitambo tunakaa nayo karibu: Kidatu yenye megawati 204 iko mkoani kwetu, Kihansi iko hukohuko milimani. Mwanafunzi aliyezaliwa Ifakara au Mlimba hahitaji picha ya barafu inayoyeyuka ili aelewe.

Mchoro aliufanya kwa rangi za maji kwenye karatasi ngumu, chura amekaa juu ya swichi, mkono mmoja uko kwenye kitufe. Rangi yake ya mwili ni ya haradali iliyokolea, yenye mstari wa hudhurungi ubavuni. Skana ya duka inapokea A4 tu na mchoro ulikuwa mkubwa zaidi. Fundi hakutaka kuuskani vipandevipande. Aliutoa nje barazani, kwenye kivuli, akaubandika ukutani wima, akapiga picha kwa kamera iliyosimama sambamba na karatasi, bila flashi. Jua la moja kwa moja, alisema, lingetia mng'ao kwenye rangi za maji na kuleta vivuli vya mikunjo ya karatasi. Kwenye skrini chura alitoka vizuri mno.

Karatasi ya kwanza ya majaribio ilitoa chura wa kijani.

Hapa ndipo maduka mengi yangekuambia "ndivyo mashine inavyotoa, madam". Kisa chake ni fizikia ya sekondari. Skrini inatengeneza rangi kwa kujumlisha mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya chapa inafanya kinyume, inaweka wino wa samawati, majenta, njano na mweusi juu ya karatasi nyeupe, na kila wino unaondoa sehemu ya mwanga. Njano ya dhahabu iko mahali pagumu: samawati kidogo tu ikizidi, dhahabu inageuka kijani. Fundi alikaa na mchoraji, akafungua rangi ile, akapunguza samawati, akaongeza majenta kidogo, akachapa kipande kidogo, wakakilinganisha na mchoro wa asili barazani kwenye mwanga wa mchana. Wakarudia. Wakarudia tena hadi binti aliporidhika, na majaribio hayo hayakuongezwa kwenye bili. Niliwaita wanafunzi wengine waje waone, wakaangalia kwa macho yao kile nilichokuwa nawachorea ubaoni kwa duara tatu zinazopishana.

Kwa watakaokwenda: pelekeni mchoro wenyewe, msipeleke picha yake iliyopita WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora, na ukiikuza kufika A3 inakuwa na vumbivumbi na kingo zilizokatika. Kama lazima muitume, itumeni kama dokumenti. Kwa A3 nzima fundi alitaka faili lenye upana wa pikseli 3,508 na urefu wa 4,961, ambayo ni nukta 300 kwa kila inchi. Na kabla ya kuchapa rangi, ombeni nakala ya A4 ya weusi na weupe kwa shilingi 200. Ya kwetu tuliipitia wote, tukakuta "zimeni" limeandikwa "zimeini". Kosa kama hilo likishafika ukutani linasomwa na shule nzima mwaka mzima.

Bei ya A3 ya rangi ni shilingi 3,000, na kuweka plastiki ni 2,000 zaidi. Tulichapa kumi na mbili. Usanifu walitutoza 10,000 kwa kazi zote pamoja, na kwa jinsi kijana yule alivyokaa na sisi, naona ilikuwa bei ya chini.

Si mabango yote yana chura peke yake. La ofisi ya walimu lina birika, kwa sababu nilikataa kampeni inayowasema wanafunzi peke yao. Birika letu la lita 1.7 likijazwa pomoni na kuchemshwa kutoka nyuzi 25 linakula karibu uniti 0.15. Maji ya kikombe kimoja yanahitaji kama sehemu ya sita ya hiyo. Walimu wenzangu wawili walinuna kidogo walipolikuta juu ya meza ya chai. Sasa tunapima maji kwa kikombe kabla ya kuwasha.

Nyota ya tano imepotelea kwenye plastiki. Mabango ya A3 yalilaminetiwa na msaidizi, siyo yule kijana wa kompyuta, na msaidizi aliyakata kingo sawasawa na karatasi ili yaonekane nadhifu. Plastiki ya namna ile inajifunga pembeni, pale ambapo tabaka la juu na la chini linakutana bila karatasi kati yake. Ukiikata mpaka kwenye karatasi, umefungua mlango wa unyevu. Lazima ubaki ukingo wa plastiki tupu, milimita 5 hivi. Mabango ya bwalo na maabara hayajapata shida. Yaliyowekwa kwenye korido za mabweni, jirani na mabafu, yalianza kuachana pembeni, maji yakaingia, na chura akaanza kufifia kutoka miguuni. Niliyarudisha. Mwenye duka hakubisha kuhusu kukata, lakini alitaka nilipie karatasi mpya na yeye agharamie plastiki. Nilimwambia kosa ni la kazi, siyo la karatasi. Tukakubaliana nusu kwa nusu, nami bado naona alipaswa kubeba yote. Nendeni mkisema mapema, kabla mashine haijapata moto: "acheni ukingo".

Bango la turubai ni la mita 2 kwa 1, shilingi 15,000 kwa mita ya mraba, 30,000 jumla. Rangi ni nzuri, linasomeka kutoka mwisho wa uwanja. Ila waliweka ringi nne tu za chuma, moja kila kona, na upepo unaoshuka Uluguru mchana haulionei huruma turubai. Kona moja ilichanika. Fundi wa shule aliongeza matundu na kulifunga kwa waya kwenye ubao. Ombeni ringi kila nusu mita kuzunguka pande zote. Kusema kweli, kama fedha ni kidogo, bango hili liacheni. Wageni walilisifia siku ya kikao cha wazazi, lakini hakuna taa hata moja iliyoko uwanja wa paredi ya kuzimwa na mtu aliyelisoma.

Steshenari yenyewe nipite haraka. Manila ni shilingi 1,000, nene na safi, wanazihifadhi zimelala kwa hiyo hazina mikunjo. Maka peni wanazo za bei mbili. Za bei ndogo zinakauka mapema na zinapenya upande wa pili wa karatasi. Nunueni chache za bei kubwa. Penseli laini ya kuchorea mistari ya mwanzo waliniletea bila kuomba.

Kwa shule za serikali kuna jambo lililonipa raha: risiti. Walitoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la shule, kila kipengele kimeandikwa, bila kuniuliza kama naitaka au nipunguziwe bei nisiichukue. Mnaorejesha masurufu kwa mhasibu mnajua uzito wa jambo hilo. Malipo yote yalikuwa 135,000, na kilichobaki kilikwenda kurudishia yale mabango ya mabweni.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alinikabili paredi baada ya ile aya kusomwa. "Madam, bwawa la Nyerere limekamilika, mitambo tisa, megawati 2,115. Umeme upo. Tunabana wa nini?" Ni swali la haki, na watoto hawa wanaukumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023, kwa hiyo habari za bwawa hilo la mto Rufiji wanazifuatilia. Nilimjibu kwamba kupatikana kwa umeme na kulipia umeme ni mambo mawili. Mita ya LUKU ya shule haijui bwawa lina maji kiasi gani. Inahesabu uniti, na kila uniti ni shilingi 356 zinazotoka kwenye fungu lilelile la chaki. Akaomba apewe stika abandike chumba chao.

Matokeo tunayafuatilia kwa kusoma mita saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kazi wanayoifanya wanaklabu kwa zamu wakiwa na mlinzi. Matumizi ya usiku yameshuka. Sitaki kuwapa stika sifa yote, kwa sababu katika kipindi hichohicho fundi wa shule alibadilisha taa za bweni moja, akaondoa tyubu za wati 36 akaweka za LED za wati 18. Lakini madarasa hayakubadilishiwa taa, na ninapopita nikiwa mwalimu wa zamu, nayakuta yana giza. Monita wanagombea nani atoke wa mwisho azime.

Msiende Jumamosi, duka linajaa watu wa kadi za harusi na vipindi vya ibada, na yule kijana hana nafasi ya kukaa na mtu. Katikati ya wiki asubuhi ndiyo wakati wake. Umeme ukikatika mjini mashine kubwa ya stika inasimama, kwa sababu betri waliyonayo inabeba kompyuta tu, kwa hiyo msipeleke kazi ya kesho leo. Vifaa vya stika vinatoka Kariakoo, na rangi ikiisha unaweza kungoja basi lishushe mzigo stendi ya Msamvu.

Oda ya pili nimeshaiacha. Ni ya jikoni, kuhusu masufuria kufunikwa na kuni kukauka kabla hazijaingia kwenye jiko banifu, na mchoraji ni yuleyule. Safari hii nimeandika kwenye karatasi ya oda, kwa kalamu nyekundu: ukingo wa milimita 5 kila upande, na asikate msaidizi.